Sifa za Gari Linalokunywa Pombe

Petroli imesifiwa vya kutosha. Inawaka upesi, haichagui majira, na mtu anaweza kuitumia miaka arobaini bila kujua inatoka wapi wala inafanya nini ndani ya injini. Leo nimsifie ndugu yake anayesemwa vibaya, etanoli, yaani pombe ya miwa inayomiminwa kwenye tangi la gari badala ya kwenye glasi. Madereva wa Brazil, ambao wameishi nayo kuliko watu wengine wote duniani, wamekuwa wakiilalamikia kwa karibu nusu karne: inakwisha haraka, inagoma kwenye baridi, inakula vyuma, bei yake inapanda na kushuka kama homa ya vipindi, na iliwahi hata kupotea sokoni. Yote hayo ni kweli, wala sitayapunguza. Ninachodai ni kwamba kila moja ya kasoro hizo inamlazimisha dereva kujua jambo ambalo mwenzake wa petroli amesamehewa kulijua, na kwamba mafuta yanayomsomesha mtu mzima bila yeye kutaka yanastahili heshima kuliko yanayomwacha alale.

Tuanze na baridi, maana hapo ndipo wapinzani wanapocheka zaidi. Etanoli haitoi mvuke kwa urahisi. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, cheche ya plagi inakosa cha kuwasha na stata inazunguka bure. Fiat 147, gari la kwanza la kiwandani la etanoli tupu, lilitoka mwaka 1979, miaka minne baada ya Rais Ernesto Geisel kuanzisha Proálcool, mpango wa kukuza matumizi ya etanoli, Novemba 1975, kuinusuru nchi na bei ya mafuta iliyokuwa imepaa tangu 1973. Watu walilibatiza Cachacinha, kwa jina la cachaça, gongo yao ya miwa, kwa sababu moshi wake ulinuka kama kilabu cha pombe. Magari ya namna hiyo yalifungwa chini ya boneti kitangi kidogo cha plastiki, na ndani yake, amini usiamini, petroli. Dereva wa Curitiba, kusini mwa Brazil, aliyeamka asubuhi ya baridi ya Julai alibonyeza kitufe, tone la petroli likaingia kwenye injini, gari likakohoa, likatetemeka, likanyamaza, likakohoa tena, kisha likawaka. Pombe yenyewe haikuamka bila kifungua kinywa cha petroli. Na tazama elimu iliyomo. Petroli ya kwenye kitangi hicho isipotumiwa miezi ya joto inazeeka, inageuka utomvu na kuziba mirija, hivyo dereva alipaswa kukumbuka baridi katikati ya kiangazi. Alijua leo ni nyuzi ngapi kabla hajavaa viatu, ilhali jirani yake wa petroli alilijua hilo pale tu redio ilipomwambia. Alijua pia kwamba pombe, ikiwa na maji ndani yake, inatafuna kabureta za aloi ya zinki, ndiyo maana viwanda vikalazimika kuzipaka nikeli. Kati ya wanaoendesha petroli, ni wangapi wanajua kabureta yao, kama bado wanayo, imetengenezwa kwa madini gani?

Kisha njoo kwenye kiu. Lita ya etanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli linakwenda kilomita 8 na kidogo kwa etanoli, na tangi la lita 50 ambalo lingekufikisha kilomita 600 linaishia kwenye 420. Ulevi wa kweli. Lakini ulevi huu umewafanya watu wazima kupiga hesabu kila wiki bila kushikiwa fimbo. Tangu mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol inayokubali petroli, etanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili, Mbrazili anayeingia kituoni anakuta bei mbili ubaoni na kanuni moja kichwani: etanoli ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, achana nayo. Petroli ikiwa reali 6, etanoli inavumilika mpaka reali 4 na senti 20, ikifika 4 na senti 30 chukua petroli. Hesabu hii inafanywa na dereva wa teksi, na mama anayewahi kumpeleka mtoto shule, na mtu aliyeacha masomo darasa la nne. Nayo inawapeleka shambani. Kusini-kati mwa Brazil miwa huvunwa kuanzia Aprili hadi Novemba hivi, kwa hiyo bei hulegea viwanda vinaposaga na hukaza mvua za Januari zinapovizuia. Mtu wa ghorofa ya kumi na tano São Paulo, ambaye hajawahi kushika jembe, anajua msimu wa mavuno kwa kutazama ubao wa kituo cha mafuta. Sisi tunaolima na kula mahindi tunaujua msimu kwa bei ya unga, naye anaujua kwa bei ya pampu.

Somo ninalolipenda kuliko yote liko kwenye kioo. Etanoli ya pampu huruhusiwa kuwa na maji kidogo, na penye ruhusa ya maji kidogo hapakosi mtu wa kuongeza mengi. Kwa hiyo pampu ya etanoli ya Brazil imefungwa ubavuni chupa ya kioo ambamo mafuta yanapita mbele ya macho ya mnunuzi, na ndani yake kinaelea kipimo chenye mstari mwekundu. Mstari ukipanda juu ya usawa wa mafuta, umeuziwa maji. Mafuta yenyewe lazima yawe meupe kama maji ya chupa. Ile etanoli kavu ya kuchanganywa na petroli hutiwa rangi ya chungwa, ili tapeli asiinunue, akaitia maji na kuiuza pampuni. Yeyote aliyewahi kununua maziwa mlangoni kwa muuzaji wa baiskeli anaielewa chupa hii bila mkalimani, tena anaionea wivu, kwa sababu muuza maziwa hajawahi kufungiwa kioo. Petroli haina heshima hiyo kwa mteja. Inapita gizani kwenye mpira mweusi, unalipa, unaondoka, na kama ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa utaambiwa na fundi baada ya wiki mbili.

Mpinzani makini atasema nimerukaruka nikikwepa mwaka 1989, etanoli ilipopotea sokoni. Sikwepi. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Brazil yalikuwa ya etanoli tupu. Bei ya petroli ikashuka duniani, sukari ikapanda, wenye viwanda wakaona faida iko kwenye sukari, na mamilioni ya watu wakabaki kwenye foleni na magari yasiyokubali kinywaji kingine. Nchi iliyojigamba kwa pombe yake ikaiagiza kutoka nje. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, magari mapya ya aina hiyo hayakufika hata asilimia 1. Hilo lilikuwa kosa, nakubali, ila nauliza: lilikuwa kosa la pombe au la waliofunga uchumi wote kwenye zao moja? Petroli nayo iliwapanga watu foleni mwaka 1973, na tofauti ni kwamba wale wa 1989 walijua foleni yao imesababishwa na nini na nani, maana waliokuwa wakiizuia pombe walikuwa umbali wa saa chache kwa basi.

Kuna pingamizi zito zaidi, la chakula. Kwa miwa najibu kwa ujasiri kidogo: sukari inayochomwa barabarani haikuingia kwenye chai, na kwa namna sisi wa pwani tunavyokorogea chai, baadhi ya madaktari wangeliunga mkono gari. Tena makapi ya miwa huchomwa yakaendesha kiwanda chenyewe, na umeme unaozidi ukauzwa. Ila kwa mahindi ninanyamaza. Marekani hutengeneza etanoli yake karibu yote kwa mahindi, na Brazil nayo imeanza kuyatumia. Mwandishi aliyekuzwa kwa ugali akisifia hilo atakuwa anatafuta laana. Sitausifu pia moshi wa mashamba ya miwa yaliyochomwa ili yavunike kwa panga, wala mgongo wa mkataji aliyelipwa kwa uzito wa alichokata. Jimbo la São Paulo lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuukomesha moto huo hatua kwa hatua. Moto ukapungua, mashine zikaingia, na wakataji wengi wakapoteza kazi pamoja na moshi.

Lakini kuhusu hewa ya mjini, pombe inastahili zaidi ya utani. Petroli ya zamani ilitiwa risasi ili isigonge ndani ya injini, na sumu hiyo iliingia kwenye damu ya watoto. Etanoli ina oktani ya juu kwa asili yake, yaani haigongi kirahisi, kwa hiyo Brazil iliyoichanganya kwenye petroli ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuachana na risasi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi huku Afrika Mashariki tulisubiri hadi karibu mwaka 2006. Ukilinganisha watoto waliokulia kando ya barabara za miji ya Brazil na wetu, harufu ya kilabuni haikuwa bei kubwa.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba gari la kisasa limekwisha kuyafuta mafunzo haya yote. Injini mpya hupasha etanoli joto kabla ya kuiwasha, kitangi cha plastiki kimeondoka, kompyuta inanusa mchanganyiko na kujipanga yenyewe, na dereva amerudi usingizini. Ni hasara, sina ubishi. Na yule aliyeapa kwamba gari lake halitaonja pombe maisha yake yote, akasimama kila wiki kwenye pampu iliyoandikwa petroli? Tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida ya Brazil ni etanoli kwa asilimia 30.