Wewe Si Upo?

Mwaka wa pili huu nasoma Mlimani na kulala Kimara, kwa baba na mama. Wenzangu wa hosteli ya Mabibo wakisikia hivyo wananitazama kama mtu aliyeokota pochi. Wao bumu likikata wanashindia mkate na chai ya rangi mpaka jingine liingie. Mimi narudi nyumbani nakuta ugali umefunikwa kwa sahani. Siwabishii. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa, akiwa katikati ya ukurasa, "Wewe si upo?"

Kwetu hilo si swali, ni cheo. Dada yangu ana kazi, anatoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo hayupo. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, ana mtihani tangu azaliwe, kwa hiyo hayupo hata akiwepo. Ninayebaki ni mimi, na aliyepo ndiye anayesubiri boza la maji, ndiye anayewatoa kuku kwenye mchicha, ndiye anayemfungulia geti fundi aliyeahidi kuja saa 3 akafika saa 8 na kuomba maji ya kunywa. Nikiwa na kompyuta mapajani ndiyo kabisa. Kwa bibi, mtu aliyekaa anatazama mashine bila kusogeza miguu, huyo amepumzika, atumwe.

Kinga ninayo moja tu: "Nina kipindi." Maneno haya mawili mama anayaheshimu kuliko cheti cha daktari. Hata kama kuna gunia la mkaa limekaa katikati ya ua linasubiri mabega yangu, nikiyatamka ananipisha mwenyewe: "Nenda, mwanangu, usichelewe." Nayatumia kwa uangalifu, kama mwenye soda moja na wageni watatu. Jumamosi hayafanyi kazi.

Na Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Simba na Yanga.

Baba aliondoka mapema kwenda Kwa Mkapa, amevaa jezi ya kijani ambayo miaka inavyokwenda inazidi kumkana tumboni. Mimi ni Simba, na kwa hilo mzee aliwahi kusema kwamba hospitali huwa wanachanganya watoto. Nilipanga kwenda kibanda umiza, nikapige kelele na watu wa imani yangu. Nikiwa nafunga kamba za viatu, mama akatokea amejifunga kitenge cha kikao cha harusi, Mbezi.

"Maharage yako kwenye jiko uani. Maji yakipungua ongeza ya moto, usije ukaweka ya baridi yakagoma kuiva. Wewe si upo?"

"Nipo, mama." Nikavifungua viatu.

Basi nikawasha televisheni ya sebuleni. Kutoka kwenye kochi hadi jikoni uani ni hatua 19, nilizihesabu, maana nasoma takwimu na lazima ada ionekane. Nikaamua nitakwenda kila dakika 15. Kipindi cha kwanza mpango ulikwenda vizuri mno. Maharage yalichemka kwa adabu, bibi alisinzia kwenye mkeka. Dakika tano baada ya mapumziko, kioo kikawa cheusi.

Nilidhani umeme umekatika mtaa mzima, nikafarijika kidogo. Halafu nikasikia watangazaji wa kwa jirani wakiendelea kwa sauti ya juu kabisa. Ilikuwa luku yetu. Alhamisi baba alinipa elfu 5 ninunue umeme. Nilinunua wa elfu 2, zile elfu 3 nikaziwekeza kwenye chipsi mayai, kwa hesabu kwamba mpaka zihitajike zitakuwa zimesharudi. Sikujiuliza zingerudi zikitokea wapi.

Nikampigia dada. Akanirushia elfu 2 pamoja na neno ambalo siliandiki hapa. Nikanunua, tokeni ikaja, na simu ikanionyesha asilimia 2. Tarakimu 20. Sikuona karatasi, nikaziandika kwenye kiganja cha kushoto, nne nne, mistari mitano, na nilipomaliza wa mwisho simu ikazima. Nilijiona mwanaume.

Lakini nani huandika kwenye kiganja cha mtu mwenye hofu? Nilipofika kwenye rimoti ya luku, jasho lilikuwa limeshafika kabla yangu. Tarakimu ya 13 ilikuwa ama 3 ama 8. Nikaweka 3, ikakataa. Hapo mtaa mzima ukalipuka. Sasa kushoto kwetu ni Yanga na kulia ni Simba, kwa hiyo kwa kawaida bao nalijua hata nikiwa bafuni. Safari hii zilianza kelele za kulia, zikakatika ghafla, zikafuata za kushoto. Ama mfungaji alikuwa ameotea, ama dunia ilikuwa inaisha kwa zamu. Nikaweka 8. Uniti zikaingia, televisheni ikawaka, na kitu cha kwanza nilichokiona ni tangazo la sabuni.

"We kijana!" Alikuwa mama jirani, amepanda juu ya tofali, kichwa kimechungulia ukutani. "Kwenu mnachoma matairi?"

Hatua 19 nilizipiga kwa saba. Nikafunua. Kwa juu maharage yalikuwa yametulia, mekundu, kama yanasubiri kupigwa picha. Chini yake kulikuwa na sauti ya kitu kinachotafunwa. Birika la maji ya moto lilikuwa tupu, ndoo ilikuwa karibu, nikamimina lita nzima ya maji ya baridi, sufuria ikapiga ukelele, na mimi kwa kutaka kuituliza nikachukua mwiko nikakoroga.

"Usikoroge! Chota ya juu!" alipiga yowe mama jirani. Nilikuwa nimeshageuza chini juu mara tatu.

Nikakuna nazi mbili. Nikaongeza kitunguu, hoho, tangawizi, na binzari ambayo hakuna aliyeiomba. Nikayahamishia kwenye sufuria nyingine, nikafunika, nikapuliza manukato ya dada mpaka kwenye banda la kuku.

Saa 2 usiku tulikaa kula. Mama alionja, akaacha kutafuna. Baba alikula sahani mbili bila kusema neno wala kunitazama, nikajua matokeo. Mama akafungua mdomo, na hapo bibi, ambaye hajasifia chakula cha nyumba hii tangu ahamie mjini, akalamba kidole.

"Leo ndiyo maharage. Kama ya kuni kabisa."

Mama akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akafunga mdomo.

Ikabaki ile sufuria. Chini kulikuwa na lami ya unene wa kidole. Nililala nayo uvunguni, na asubuhi ya Jumapili nikaitia kwenye begi la mgongoni niipeleke Mabibo, nikaisugue mbele ya watu wasionijua kwa undani. Begi lilivimba kama nimebeba kobe. Nilikuwa nimeshashika komeo la geti.

"Iko wapi sufuria yangu kubwa?" Mama, kutoka jikoni. "Wageni wanakuja mchana."

"Sijui, mama. Nina kipindi!"

Kifuniko kikagonga mgongoni. Kukawa kimya kidogo.

"Nenda, mwanangu, usichelewe," akasema. "Majivu ya kusugulia yako nyuma ya banda la kuku."