Maji ya Usiku

Kitinda mimba wetu ndiye aliyeamka kwanza. Ilikuwa saa tisa usiku, akashusha miguu kitandani na kukanyaga maji. Alipopiga kelele, Baba Watoto alifika koridoni kabla mimi sijapata kandambili zangu. Jikoni bomba lilikuwa linamwaga kwa nguvu zote. Sufuria niliyoloweka maharage ilikuwa imeketi juu ya tundu la sinki, maji yamejaa, yamefurika, yameshuka sakafuni na kupita chini ya milango miwili.

Kosa lilikuwa langu. Jioni ile nililifungua bomba, likatoa hewa, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikachota kwenye pipa kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikaliacha bomba wazi, nikasahau.

Mtu asiyeishi Same atauliza inawezekanaje. Hapa mjini tumelelewa na ukame. Milima ya Upare imesimama mashariki yetu kama ukuta. Pepo za Bahari ya Hindi zikifika huko hupanda, hupoa, na kumwaga mvua juu ya milima na kwenye miteremko inayotazama pwani. Zikivuka kuja upande wetu zimeshakauka. Ndiyo maana Chome kuna msitu wa ukungu, na mwendo wa saa chache chini yake sisi tuna mikonge, mibuyu na vumbi. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025. Tulishangilia. Lakini mkono uliozoea bomba kavu kwa miaka mingi haubadiliki kwa mwaka mmoja.

Tulikausha sakafu mpaka adhana ya alfajiri. Hapo ndipo Baba Watoto alipopiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda cha mtoto, na kitako cha boksi kikabaki sakafuni.

Ndani mlikuwa na picha zetu. Zilikaa miaka yote kwenye tranka la bati, lakini mwezi Januari binti yetu alikwenda shule ya bweni na tranka likaenda naye. Nilizihamishia kwenye boksi la sabuni, nikasema nitatafuta mahali pazuri wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa haijafika.

Picha hizo ni za barabarani. Kuanzia 1995 hadi 2004 tuliishi Dar es Salaam, na kila Desemba tulirudi nyumbani kama Wapare wote wanavyorudi, tumejipanga ndani ya pikapu: mimi mbele na mtoto mchanga, wakubwa nyuma chini ya turubai pamoja na magunia. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Baba Watoto alinunua mkanda mmoja wa picha 36 kwa kila safari, na kila picha aliipima kama anayegawa dawa. Alisimama Hedaru kupiga mibuyu, akasimama Makanya kupiga safu za mkonge zikielekea mlimani. Kila safari tulipitiliza kwenda Moshi kwa dada yangu, na kabla ya Mwanga alitushusha sote alfajiri ili Kilimanjaro itokeze kabla mawingu hayajaifunika. Watoto walilia joto, chapati zilikauka kwenye bakuli, na yeye alisimama ukingoni mwa barabara akingoja kivuli cha wingu kihame kutoka kwenye bonde fulani. Niligombana naye zaidi ya mara moja. Nilimwambia milima haiendi popote. Yeye alinijibu kwamba mlima unabaki, bali siku ile haibaki.

Sasa siku zile zote zilikuwa zimegandana kama maandazi yaliyofungwa yangali moto. Nilitaka kuanza kuzibandua. Bahati nzuri alinizuia, akampigia simu rafiki yake aliyewahi kusafisha picha studio enzi za mikanda. Yule bwana alisema neno moja ambalo lilituokoa: msizivute. Rangi ya picha hukaa ndani ya tabaka la jelatini, na jelatini ikilowa hulainika. Ukivuta, sura ya picha moja inabaki mgongoni mwa nyingine. Zirudisheni majini, alisema, maji safi ya baridi, zenyewe zitaachana.

Basi tukazirudisha majini zile tulizozitoa majini. Beseni tatu za kufulia zilipangwa sebuleni. Nililaza bonge moja la picha, nikangoja, nikaona pembe moja ikijinyanyua taratibu kama jani la kabichi. Nikapitisha kidole katikati, bila kusugua, na maji yakaingia na kufanya kazi yake. Picha ikateleza ikatoka: Makanya, mkonge, mlima wa buluu nyuma yake. Rangi ilikuwa hai. Nililia.

Tulitandika kanga vitandani tukalaza picha uso juu. Nafasi ilipokwisha, tulifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye misumari ya vyandarua, tukazibana kwa vibanio vya nguo pembeni kabisa. Siku tatu tuliishi tukiinamisha vichwa chini ya Upare. Kitinda mimba alikuwa akienda chooni anapita Hedaru, akirudi anapita Kisiwani.

Hapo ndipo Baba Watoto alipogundua hasara iliyotangulia mafuriko. Alikuwa na picha tisa za Kilimanjaro kutoka mahali pale pale kabla ya Mwanga, za safari tisa tofauti. Alitaka kuzipanga kwa miaka ili watoto waone theluji ilivyopungua. Wataalamu wanasema tangu 1912 mlima ule umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Aligeuza ya kwanza, mgongo mweupe. Ya pili, mweupe. Zote tisa. Hakuwahi kuandika mwaka wala mahali hata kwenye picha moja, kwa sababu wakati ule alijua zote kwa moyo. Alikaa kitini akiwa na picha mkononi, akanitazama, akasema, “Mama, hizi nilizipoteza zamani.”

Siku ya tatu shangazi yake alishuka kutoka Mbaga kuja kliniki, akapitia kwetu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kamba. Hakukaa. Aliweka mkoba chini akaanza kutembea polepole kutoka picha hadi picha, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Picha ya msitu wa Chome, yenye ndege mdogo wa kijani mwenye pete nyeupe kulizunguka jicho, aliipita akitabasamu tu. Ndege huyo hapatikani popote duniani ila kwenye milima yetu ya Upare ya Kusini; kwake ni jirani. Lakini mbele ya picha moja ambayo mimi niliiona haina kitu, mteremko wa majani na dimbwi la matope, alisimama muda mrefu.

“Hii ndiva,” alisema, “aliyekuwa akiiziba jioni ni baba yangu.”

Ndiva ni akiba ya maji ya Wapare, kazi ya wazee wetu tangu zamani. Maji ya kijito huongozwa kwa mfereji hadi kwenye bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa udongo na mawe. Jioni mtu wa zamu huziba tundu, usiku kucha maji hukusanyika, na asubuhi huzibuliwa yakatiririka kwa nguvu hadi kwenye mashamba, kila kaya kwa zamu yake. Kijito chembamba ambacho mchana kingenywewa na mchanga kabla ya kufika shambani, kikilala usiku mmoja ndani ya ndiva kinaweza kunywesha mahindi ya watu. Watu wa Bangalala wana ndiva ya Manoo, ambayo baadaye ilijengewa saruji. Ile ya kwenye picha yetu, shangazi alisema, imejaa tope na haitumiki tena.

Akaonyesha kwa ncha ya kidole, bila kugusa: hapa tundu, pale jiwe la kukalia mwenye zamu, mstari ule mweusi kwenye majani ndio mfereji, na migomba ile mitatu ndiyo mpaka wa ukoo na ukoo. Baba Watoto alikuwa amesimama nyuma yake. Yeye alipiga picha ile kwa sababu ya mwanga wa jioni uliolala juu ya maji. Miaka 25 na ushei aliimiliki bila kujua kwamba amepiga picha ya kazi ya mikono ya babu yake.

Nilimweleza shangazi habari ya bomba. Hakunilaumu. Alisema tu, “Maji ya usiku lazima yawe na mtu wake, mama.”

Usiku ule hatukulala mapema. Shangazi alikaa kwenye mkeka, Baba Watoto akampa picha moja moja zilizokauka, yeye akataja, na mimi nikaandika mgongoni kwa penseli laini: jina la mahali, la kijito, la ukoo. Miaka tuliipata kwa watoto. Binti yetu mkubwa alipigiwa simu Mwanza. Alikumbuka safari ya tairi kupasuka Mombo, na safari ambayo mdogo wake alikuwa na surua. Picha sita za Kilimanjaro zilipata miaka yake. Tatu zimebaki bila mwaka, na tumeziandika hivyo hivyo.

Kwa jumla tuliziokoa picha 211. Nne zilikufa kabisa. Tabaka la rangi lilitoka likaelea kwenye beseni kama utando wa maziwa, zikabaki karatasi nyeupe. Nilizikusanya nizitupe. Baba Watoto akanyoosha mkono akachukua moja, akampigia tena binti yetu wakabishana kidogo, akachukua penseli. Kwenye ile karatasi tupu aliandika: Nyumba ya Mungu, jioni, Desemba 1999. Mitumbwi miwili, perege kwenye majani, Mama amekasirika garini.

Akaiweka pamoja na nyingine. Kisha nikasikia kitinda mimba anatembea gizani kuelekea jikoni, na bomba likilia kidogo linapokazwa.