Mkeka Unaonuka Omena

Kapeti ya plastiki sebuleni kwetu Migori ilitoboka palepale wageni wanapokanyaga. Nikaapa: safari hii plastiki basi, nataka nyuzi za asili. Mama watoto akaniuliza kama hayo nimeyaona kwenye simu. Nilikuwa nimeyaona kwenye simu.

Nilianza na mkonge. Muuzaji aliusifu kuwa ni wa kwetu kabisa, ilhali mmea huo asili yake ni Mexico, na Tanganyika uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Sikumbishia. Nilivua kiatu nikaukanyaga, nikakumbuka shule ya msingi tulivyopigishwa magoti kwenye changarawe. Isitoshe, mkonge hunywa chochote: supu ya mbuta ikimwagika, doa litakaa kuliko mgeni.

Basi nikaenda Homa Bay kutafuta mkeka wa mafunjo, ambao sisi Wajaluo twauita par. Mama mmoja karibu na ufuo akaniuliza ukubwa wa sebule.

"Hatua sita kwa nne," nikamjibu.

Akamwita mwanawe apime. Kijana alikuwa twiga. Mimi, tuseme tu, si twiga.

Kwenye matatu makanga aliutazama ule mzigo akasema, "Mzee, huyu naye ni abiria." Nikamlipia nauli, kisha akapandishwa juu ya gari. Mvua ilitukuta Rodi Kopany. Sasa, ndani ya funjo mna nyama laini kama sponji, na sponji haihitaji kuambiwa mara mbili. Kufika Migori, ilibidi tumbebe watu watatu kama mgonjwa.

Tulipoutandika, mkeka ulipanda ukutani. Mlango wa mbele, unaofungukia ndani, ukagoma kabisa. Siku ya pili ulipoanza kukauka, paka wa mtaa mzima wakaja kwa njia ya dirisha, wakalala katikati kwa heshima, kama waumini.

Mamangu alitutembelea kutoka Karungu, akaingilia jikoni. Aliinama, akanusa mara moja.

"Mwanangu, huu umeanikiwa omena."

Akanyamaza. Huyu ndiye aliyemsumbua marehemu baba miaka nenda rudi aondoe par nyumbani, apige sakafu ya saruji.

"Na ile plastiki yenu mmeitupa?"

Kesho yake aliondoka nayo, imekunjwa vizuri, na tundu lake.