Kisamvu cha Mama Mkwe

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, alipozikwa kule Muheza, kila aliyeuliza alikuwa akiumwa nini alijibiwa neno moja: tumbo. Maswali yakaishia hapo. Misiba yetu ina adabu zake, na mojawapo ni kutochimba ugonjwa wa marehemu mbele ya wafiwa. Tukasoma hitma, tukakunja majamvi, kila mtu akarudi kwake.

Kilichofumua mambo ni mirathi. Mjane alikuwa akipekua sanduku la marehemu kutafuta hati ya kiwanja, akakuta bahasha ya hospitali iliyokunjwa mara nne na kusukumwa chini kabisa, chini ya kanzu. Akaja nayo hadi kwetu Temeke. Binti yetu anasoma uuguzi; akaichukua, akaisoma kimya, kisha akatufasiria. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, nayo ilishafika kwenye ini. Marehemu aliambiwa hivyo akiwa na miaka 51. Aliambiwa peke yake, akaificha bahasha, akaendelea kunywa unga wa miti shamba alioununua stendi kama dawa ya bawasiri.

Mjane akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuishiwa nguvu. Damu ilikuwa ikionekana chooni kwa zaidi ya mwaka. Mkanda wa suruali ulitobolewa matundu mapya mara kwa mara. Marehemu alidhani ni bawasiri, na wauza dawa wakathibitisha ni bawasiri, kwa sababu kwa wauza dawa kila damu ya huko ni bawasiri. Kweli mara nyingi huwa ni bawasiri, au amiba, na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria huweza kuwa kichocho cha tumbo. Lakini anayejua ni ipi ni yule aliyepima, na shemeji yangu hakupimwa mpaka alipokuwa hawezi kupanda daladala.

Jioni ile binti akamgeukia baba yake. "Baba, wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita. Kwa nini?"

"Ulipaswa kuchunguzwa ulipofika arobaini."

Akatueleza kwa utaratibu, na siku zilizofuata nimesikia maelezo hayohayo kwa madaktari. Mtu asiye na historia ya ugonjwa huu kwao anashauriwa kuanza kuchunguzwa akifika miaka 45. Zamani ilikuwa 50, lakini mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani liliushusha umri huo, kwa kuwa ugonjwa umezidi kuwapata watu wa umri mdogo. Mwenye mzazi, kaka au dada wa damu aliyeugua anaanza mapema zaidi: akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, ule utakaotangulia. Mume wangu, kwa hesabu hiyo, alishaupita umri huo kwa miaka sita, na hatukulijua hilo kwa sababu ya bahasha iliyolala chini ya kanzu.

"Mimi siumwi popote," mume wangu akasema. Alisema kweli. Anaamka alfajiri, anasukuma pikipiki yake ya mizigo, anakula vizuri, analala vizuri. Na uchunguzi huu umewekwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani, na vingi havigeuki kamwe. Kikionekana ndani ya muda huo kinakatwa siku hiyohiyo na habari yake inaisha. Mwenye damu, mwenye tumbo lililobadili mwendo wiki kwa wiki, anayekonda bila sababu, huyo hayumo kwenye mjadala wa kuchunguzwa au kutochunguzwa. Huyo ni wa kwenda hospitali.

Kikao cha ukoo kikaitwa nyumbani kwetu. Mama mkwe alikuja kutoka Muheza, wifi akaja kutoka Kigamboni, na shemeji yangu mdogo, ambaye ni mwalimu, akaja na hoja alizozipanga njiani.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Nimezika mmoja. Huyu ni mzima, mnataka mkamtafutie ugonjwa wa nini?" Hakuna aliyethubutu kumjibu upesi. Mama aliyezika mwanawe ana haki ya kuogopa, na mimi niliona mikono yake inatetemeka juu ya bakora.

Shemeji mdogo akasema ugonjwa huo ni wa Wazungu. Hilo hakulitunga. Daktari mmoja wa Ireland, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, aliona kwamba wanavijiji wanaokula vyakula vyenye makapi mengi karibu hawaupati, na mwaka 1971 akaandika makala iliyosomwa dunia nzima akihusisha saratani ya utumbo mpana na chakula laini kilichokobolewa. Lakini Burkitt aliangalia sahani za miaka ile. Nikamuuliza shemeji mbele ya wote jana alikula nini. Chipsi mayai na mishikaki, soda juu. Juzi? Hivyohivyo. Akanyamaza, na namheshimu kwa hilo. Chakula chenye makapi kinapunguza hatari, na mimi naendelea kupika dona, lakini hakifuti damu ya ukoo. Mwaka 2020 pekee, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 1,900,000 waligundulika na ugonjwa huu, na zaidi ya 930,000 wakafa. Mwanasoka Pele alikuwa miongoni mwa waliofuata: uvimbe wake ulionekana katika vipimo vya kawaida mwaka 2021, akafariki Desemba 2022 akiwa na miaka 82. Chadwick Boseman, mwigizaji wa "Black Panther", aliondoka mwaka 2020 akiwa na miaka 43 tu.

Wifi hakuchangia. Aliinama akichezea ushungi, na tulipobaki wawili jikoni ndipo akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba na yeye huona damu, na chupa ya dawa ya bawasiri iko ndani ya mkoba wake wakati huo huo. Sikumwacha alale Kigamboni usiku ule. Alipimwa kabla ya kaka yake, na kwake ilikuwa bawasiri kweli. Leo anatumia dawa alizoandikiwa na daktari.

Tukaenda kwa daktari bingwa, mimi, mume wangu na mama mkwe aliyesisitiza kufuatana nasi. Daktari hakumlazimisha mtu. Alisema kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ni rahisi, hakihitaji kufunga kula, hurudiwa kila mwaka, na hukamata karibu saratani tatu kati ya nne, ila polipu nyingi kinaziacha. Kikionyesha damu, lazima ufuate uchunguzi wa mpira wenye kamera, yaani kolonoskopi. Kwa mtu asiye na historia kwao, kipimo cha choo kinatosha kabisa kuanzia. Kwa mume wangu alishauri kamera moja kwa moja. Hakuficha hatari: utumbo unaweza kutoboka, jambo linalowapata watu wachache katika kila 10,000, na unaweza kutoka damu baada ya polipu kukatwa. Mume wangu aliuliza maswali mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akiuliza popote, kisha akasema, "Nipangie siku."

Mama mkwe naye akauliza kama na yeye apimwe. Ana miaka 79, moyo na presha vinamsumbua. Daktari akamwambia kwamba baada ya 75 uamuzi huangalia hali ya mtu mmoja mmoja, na kwa hali yake maandalizi yenyewe yangemchosha pengine kuliko faida ambayo angeipata. Mama akakataa kupimwa, daktari akakubaliana naye. Niliupenda uamuzi huo kama nilivyoupenda ule wa mwanawe.

Sasa maandalizi. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya ukumbi katikati na vyumba pande mbili, nusu tumevipangisha, na choo ni kimoja uani. Utumbo lazima usafishwe mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yasiyo na kitu. Siku nzima ya kuamkia kipimo mtu hagusi chakula kigumu. Ni chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. Jioni anaanza dawa ya unga inayokorogwa kwenye maji, lita mbili usiku na mbili alfajiri, bilauri moja kila robo saa. Ina chumvi na utelezi. Mume wangu alikuwa akifumba macho, anameza, anauma ndimu.

Siku hiyo maji ya bomba yakakatika. Tukanunua madumu kwa wasukuma mikokoteni mpaka uani pakakosa pa kukanyaga. Binti akabandika kadibodi mlangoni mwa choo kuwaomba wapangaji radhi kwa usiku mmoja. Fundi cherehani wa chumba cha mbele akawapeleka wanawe kwa dada yake bila kuulizwa, na mama lishe wa chumba cha pili akasema yeye na wenzake watatumia choo cha jirani. Usiku kucha nilisikia kandambili za mume wangu zikienda na kurudi, na ndoo ikigonga sakafu.

Asubuhi tukaenda. Akaingizwa, akapewa dawa ya usingizi. Mapema kuliko nilivyotarajia daktari akatoka na picha mkononi. Ukuta wa utumbo, ambao ungepaswa kuwa wa waridi na kung'aa, ulikuwa umefunikwa na nyuzinyuzi za kijani. "Amekula mboga gani?" akaniuliza. Alilazimika kuusitisha uchunguzi, maana chini ya majani yale polipu ingeweza kujificha, na jibu la "hatukuona kitu" lingekuwa la uongo.

Kilikuwa kisamvu. Mama mkwe alikileta kutoka Muheza, kimetwangwa, kimeungwa kwa nazi na karanga. Usiku wa manane, alipomwona mwanawe anatoka chooni amelegea, akamkalisha barazani na kumpa sahani na bonge la ugali. Alidhani anakwenda kupasuliwa, na hakutaka afe na njaa. Mume wangu hajawahi kurudisha sahani aliyopewa na mama yake. Akala.

Pesa ya siku ile haikurudi. Mama mkwe alilia barazani mpaka wapangaji wakatoka kumbembeleza. Mimi hasira zangu niliziweka panapostahili. Karatasi ya maelekezo tuliyopewa hospitali ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini, na mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika chakula cha nyumba hii ni bibi wa Muheza asiyesoma Kiingereza. Hospitali inayotaka tumbo tupu imwandikie mpishi kwa lugha anayopikia. Binti akaketi akaifasiri yote kwa kalamu nene: siku tatu kabla hakuna kisamvu, mchicha, maharage, karanga, matunda ya mbegu, siku ya mwisho hakuna chakula kigumu kabisa, wala juisi ya rozela, kwa kuwa rangi yake nyekundu hudhaniwa damu. Akamsomea bibi yake pole pole, mara mbili. Mama akamwambia, "Mjukuu wangu, mngeniambia hivi tangu mwanzo, ningemlinda."

Na mara ya pili alimlinda. Aliweka kiti mlangoni mwa jiko, bakora magotini, akahesabu bilauri kwa punje za mahindi: kila iliyonywewa, punje moja kwenye kikombe. Jirani alileta maandazi, yakaishia mkononi mwa mama. Shemeji mdogo alipomcheka kaka yake kwa kulegea, mama alimwambia akae kimya, zamu yake inakuja.

Safari hii utumbo ulikuwa safi. Walikuta polipu mbili, kubwa yao ya milimita 8, wakazikata kwa kitanzi cha waya mume wangu akiwa usingizini, na kuzipeleka maabara. Kusubiri majibu kulikuwa kugumu kuliko dawa. Yakaja: ni zile za aina inayoweza kugeuka saratani, lakini hazikuwa zimegeuka. Ameambiwa arudi baada ya miaka 5. Shemeji mdogo ameshapangiwa siku yake, na mama mkwe amekwisha kumwambia karani wa msikiti wa kijijini kwamba mwanawe mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na asiseme tena tumbo.

Nakuomba, msomaji, uwaulize wazee wako wangali hai: babu alikufa kwa nini hasa, shangazi aliumwa nini kabla hajaondoka? Waulize hata kama watakunja uso, uandike majibu pamoja na umri wa kila mmoja alipougua. Kisha uende na karatasi hiyo kwa daktari.