Kijiko Kisichokuwa Dhahabu

Huku kwetu Chato madini ya fedha hayana heshima. Dhahabu ndiyo iliyotulea. Kila ukoo una mtu wake aliyewahi kushuka duarani, na kila aliyeshuka duarani ni mtaalamu wa chochote kinachong'aa. Kwa hiyo Babu alipofariki na kuacha kijiko kimoja kizito, cheusi kwa ukongwe, hakuna aliyekigombea. Nilipewa mimi, baada ya redio, baiskeli na nyavu za dagaa kwenda kwa watu wenye sauti.

Heshima ilianza nilipokisugua kwa majivu. Nyuma ya mpini vikatokea vialama: taji tatu, herufi S, kichwa cha mtu aliyevaa taji, kisha L9. Kikao cha ukoo kikakaa bila kuitishwa. Baba mdogo akatoa hukumu kwamba kichwa ni cha Malkia Elizabeth, na taji tatu ni Kenya, Uganda na Tanganyika. Shangazi wa Muganza akakataa katakata. Hizo ni taji za watemi wa Uzinza, akasema, na ndiyo maana yeye tangu utotoni hapendi kuinama shambani. Watemi hao walipata wapi mashine ya kugonga L9? Nani amuulize Shangazi!

Binamu yangu, dalali mdogo wa dhahabu pale Buseresere, akaja na kichupa cha asidi. Tulimwambia adondoshe kidogo. Akamimina kama anayemwagilia mchicha. "Haijatoa kijani," akatangaza, "kwa hiyo si shaba. Lakini si dhahabu." Hilo la pili tulilijua hata kabla ya asidi. Akakiweka kwenye mizani, akabonyeza simu, akacheka peke yake, akaomba chai. Doa la kijivu aliloacha lipo mpaka leo.

Vialama vile kumbe vinasomeka, ila si kwa asidi. Taji tatu ni nembo ya Uswidi, hugongwa kwenye fedha iliyopita ukaguzi wa serikali. S inathibitisha kwamba katika kila sehemu 1,000 za kijiko, zisizopungua 830 ni fedha tupu. Kichwa si cha Malkia hata kidogo: ni cha Mtakatifu Erik, mfalme wao wa kale, na ndiyo alama ya jiji la Stockholm. L9 ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Tangu 1759 Waswidi huupa kila mwaka herufi yake; zikiisha zote 24 wanaanza upya na namba mpya. Mzunguko wa tisa ulianza na A mwaka 1951. Hesabu mpaka L, ukumbuke kuiruka J: 1961, mwaka wa Uhuru wetu. Baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akasema si aliwaambia Tanganyika imo?

Kilifikaje Chato? Kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, sisi tulikuwa Kagera, na Kagera, Mara na Mwanza ndiko ulikofanya kazi HESAWA, mradi wa maji na afya uliofadhiliwa na Uswidi kuanzia 1985 hadi 2002, ule wa visima na pampu za mkono. Babu alikuwa dereva wao. Kwamba aliendesha gari la wazungu tulijua. Wazungu wa wapi, hakuna aliyejisumbua. Mmoja wao alipofunga mizigo alimwachia sufuria, viti vya turubai na kijiko. Bibi alitueleza haya yote huku akipepeta mchele, akitutazama kwa huruma.

Mambo yangeishia hapo, lakini Binamu akapenyeza neno kwamba vijiko vya namna hii huuzwa kwa dazeni. Tangu hapo habari za Uswidi hazina tena msikilizaji. Baba mdogo anataka kujua vingine kumi na moja viko kwa nani. Jana Shangazi amepiga simu kutoka Muganza kusema kwake hakuna kijiko chochote cha Babu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.