Visiwa Bila Bahari

Tuwape mafundi wa Wisconsin, Marekani, haki yao. Mwaka 2011 chama cha Republican kilichora maeneobunge ya jimbo hilo katika ofisi ya mawakili, wabunge wake wakitia saini kutunza siri. Siri ya nini, kama kazi ni halali? Mwaka 2018 Democratic wakapata kura nyingi zaidi. Republican wakabeba viti 63 kati ya 99. Hesabu hiyo! Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaizuia ramani iliyokuwa ikitumika, ikigundua kwamba maeneobunge yasiyopungua 50 yana vipande vilivyotengana, visiwa vya nchi kavu. Uchaguzi wa 2024, kwa ramani mpya, Republican wakashuka kutoka viti 64 hadi 54. Bado walibaki wengi bungeni, kwa hiyo tusiwalilie.