Hayawahusu Amejifungua

Pale Moshono, Arusha, kuna mbwa jike wa kahawia anayeitwa Hayawahusu. Jina hilo alipewa na mama mwenye nyumba mwaka ule wa ujenzi, majirani walipokuwa wanajua hesabu ya mifuko yake ya saruji kuliko fundi. Si ajabu. Mitaani, mwenye la kusema asiyetaka ugomvi humwita mbwa wake Watachoka au Mtajiju, kisha jioni watu wakiwa nje hutoka uani akamwita kwa sauti kubwa. Kwa hiyo tumbo la Hayawahusu lilipoanza kushuka, kila jirani aliyeuliza kulikoni alikuta jibu limeshatolewa.

Aliyeuliza bila kujali ni mzee wa nyumba ya kona, mwenye dume la jamani shepadi linalokula vizuri kuliko wapangaji wake. Alikuja na koti, akakaa sebuleni, akamaliza chai, ndipo akataja lililomleta: dume lake liliruka uzio, na desturi inajulikana, mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza. Yeye anataka dume lenye masikio yaliyosimama. Baba mwenye nyumba alikubali. Ni mhasibu, na alifurahi kupata tarehe ya kuanzia hesabu.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, pungufu au zaidi kidogo. Mhasibu akafungua daftari. Akakata boksi la friji, akatandika magazeti na blanketi kuukuu, akaliweka sebuleni kando ya televisheni. Akasoma kwamba joto la mbwa, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, hushuka chini ya 37.2 yapata saa 24 kabla ya kuzaa, basi akawa anapima asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha mtoto wao mdogo. Mbwa hapimwi kwapani. Mama alipogundua, kipimajoto kilihamishwa kutoka kabati la dawa kikaenda kuishi stoo pamoja na dawa ya mende.

Hayawahusu naye alikuwa na mipango yake. Jike anayekaribia kuzaa hutafuta giza, ukimya na kitu cha kuchakura, na sebule ile haikuwa na hata kimoja. Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai, katika baridi ile ya Arusha inayopita chini ya mlango, aliingia stoo, akasukuma mfuniko wa kapu kubwa, akajilaza juu ya sare mpya za kwaya. Mama ndiye mtunza sare.

Baba akampigia daktari wa mifugo.

"Daktari, samahani kwa usiku huu. Uchungu umeanza."

"Nani anazaa?"

"Hayawahusu."

Simu ikakatwa.

Mara ya pili alianza na neno mbwa. Daktari, sauti bado ina usingizi, alimpa mambo ya kuangalia, na yanafaa kujulikana na kila mfugaji. Mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila mtoto kutoka, aletwe. Saa mbili zikipita kati ya mtoto na mtoto huku wengine wakiwa bado tumboni, aletwe. Uchafu wa kijani ukitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, aletwe mbio, maana kondo limeanza kubanduka. Ukitoka baada yake ni kawaida. Ni rangi ya kondo lenyewe. Ambalo daktari hakulisema ni kwamba kijani hicho hakina uhusiano mzuri na kitambaa cheupe. Sare zililowekwa, zikafuliwa, zikaanikwa, zikalowekwa tena. Jumapili sauti ya pili iliimba ikiwa safu ya nyuma kabisa.

Turudi stoo. Baba alikuwa ameshachemsha mkasi, ameandaa uzi, amevaa glavu. Hakuna kilichohitajika. Hayawahusu alipasua utando kwa meno, akamlamba mtoto mpaka akalia, akakata kitovu, akala kondo, akageuka kumsubiri mwingine, yote hayo bila kumtupia jicho mtu aliyechuchumaa na mkasi. Mhasibu akabaki na kazi aliyoisomea: saa, jinsia, rangi. Walipofika sita akaingiwa na wasiwasi, akamsomea mkewe kutoka kwenye simu habari za Tia, mbwa wa Uingereza wa aina ya Neapolitan Mastiff aliyezaa watoto 24 mwaka 2004. Mama akasema Hayawahusu akifikisha kumi, yeye anarudi kwao Marangu.

Walikuwa wanane.

Asubuhi ile safu ya rangi ndani ya daftari ikazua kesi. Watatu walikuwa weusi tii, wawili kahawia, wawili wana mabaka meupe, na mmoja wa njano, njano ileile ya mbwa wa dukani kwa Mangi. Kwa mbwa jambo hili halina aibu. Jike hutoa mayai mengi, hukubali kupandwa kwa siku kadhaa, na mbegu za dume huishi ndani yake siku kadhaa pia, kwa hiyo mimba moja inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mzee wa kona aliitwa achague. Akainama juu ya kapu, akamtazama wa njano, akatazama upande wa dukani, akavaa kofia.

"Mimi simo," alisema, na chai hakunywa.

Siku za mwanzo mtoto wa mbwa hana macho wala masikio. Ana mdomo tu. Joto lake mwenyewe hawezi kulitunza, anahitaji mahali penye nyuzi 30 hivi, na Julai ya Arusha haijawahi kuahidi hivyo. Chupa za maji ya moto zikavishwa soksi za shule. Mdogo kuliko wote, Dogo, alikuwa anasukumwa pembeni kila wakati wa kunyonya, na mara moja akakutwa amepoa. Mtoto wa darasa la pili akaleta kijiko cha maziwa. Nia njema, lakini mtoto wa mbwa aliyepoa hapewi maziwa kabla ya kupashwa joto, kwa kuwa tumbo lake halisagi kitu; na maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno kwake, kwani ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili. Dogo alitiwa kifuani mwa mama, ndani ya kitenge, mpaka akachangamka, kisha akashikiliwa kwenye chuchu huku ndugu zake wakizuiwa kwa kiganja.

Baada ya hapo akawa anapimwa kila siku. Mtoto mwenye afya huongezeka uzito kila kukicha, na kabla ya wiki mbili kwisha awe amefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Mizani iliyokuwapo ilikuwa ya jikoni, na mama hupika keki za oda. Mteja aliyekuja kumalizia malipo ya keki ya kipaimara alimkuta Dogo amelala kwenye bakuli la mizani, gramu 310. Akauliza kwa upole keki yake itapimwa wapi. Mizani ya pili ilinunuliwa mchana huohuo, kwa fedha za baba.

Aliyedekezwa hasa ni mzazi. Mbwa anayenyonyesha kundi kubwa anaweza kuhitaji chakula mara tatu ya kawaida yake ifikapo wiki ya tatu na ya nne, na ugali wa dona na dagaa wa jana haufiki huko. Mama akafanya kile Wachaga humfanyia mzazi: akapika mtori. Hakutia kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Siku hiyohiyo bibi akaingia kutoka Marangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kajifungua humu?"

Hakuna aliyethubutu kutaja jina. Akapelekwa stoo. Akatazama sufuria, nyama ya mfupa, ndizi zilizopondwa zikalainika. "Mimi nimezaa saba," alisema, "na mtori wenye nyama kiasi hiki sijauona tangu yule wa pili." Akaonja. "Halafu mmemnyima kitunguu."

Bibi alikuja kwa wikiendi, akakaa hadi Agosti, na ni heri. Jioni moja Hayawahusu alianza kutetemeka na kuhema, miguu imekakamaa, anawakwepa watoto. Baba akapekua daftari. Bibi, aliyefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, alimtazama mara moja tu. "Hii ni homa ya maziwa. Ita gari." Alikuwa sahihi: watoto wanane walikuwa wamenyonya kalisi kuliko damu ya mama yao ilivyoweza kurudisha, na hali hiyo huua upesi. Daktari aliingiza kalisi taratibu kwenye mshipa huku akisikiliza moyo, na watoto wakaachishwa titi kwa muda, wakanyweshwa maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa chupa. Kuanzia hapo ushauri wa simu ulisomwa kwa sauti, kisha bibi akaulizwa.

Macho yalifunguka ndani ya wiki ya pili. Hadi wakati huo familia ilikuwa ikijisifu mtaani kwamba watoto wa Hayawahusu hawana uchafu. Maskini. Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kukojoa wala kunya mpaka mama yake amlambe, na kinachotoka mama hukimeza. Huduma hiyo hupungua watoto wanapoanza kujiweza, wiki ya tatu hivi, na kuonja chakula kigumu. Baba, aliyezoea kuingia stoo na soksi, alipata taarifa hiyo mlangoni.

Kisha minyoo. Ile ya mviringo humpitia mtoto tumboni mwa mama na kwenye maziwa, hivyo mbwa huzaliwa nayo au huipata mapema, na mayai yake yakiingia kwenye udongo wa uani huwafikia watoto wa watu. Ndiyo maana dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili, mama akipewa pamoja nao. Baba aliwanywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano: nusu koo la mbwa, nusu shati. Matokeo yalionekana kesho yake stoo. Tambi hazikupikwa nyumba ile kwa muda mrefu.

Ushauri wa mtaa ulikuja bila kuitwa. Kijana wa bodaboda alitaka wapewe pilipili wawe wakali. Fundi seremala akapendekeza bangi. Mwingine akasema wafungwe gizani wasione mtu, watauma hata kivuli. Huyu wa mwisho ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa njia yake inafanya kazi kwa namna mbaya. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Asiyeona watu wakati huo huwaogopa baadaye. Mbwa mwoga huuma yeyote, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto wa mwenye mbwa.

Kwa hiyo wakaachiwa uani, na wakawaona watu kweli. Mmoja wa weusi alipita chini ya uzio akalamba sufuria la jirani, mama wa Kiislamu aliyekuwa ameliacha bombani. Baba alikwenda kuomba radhi, akapewa sharti la madhehebu ya Shafi: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Aliosha mwenyewe, akihesabu kwa sauti, na inasemekana hakuna sufuria lililowahi kukaguliwa hivyo.

Wiki ya nane wakaanza kuondoka. Madume yaligombaniwa; majike yalibembelezewa wateja, kila mtu akiogopa kukutwa na kapu kama lile. Daktari alipogusia kumfunga Hayawahusu kizazi, mama alisema ndiyo kabla baba hajauliza bei. Dume la kahawia lilikwenda kwa mwalimu wa kwaya, kama fidia.

Walikutana tena kwenye chanjo ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa kwenye tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa hukosa njia ya kupita, na asubuhi ile ilionekana asilimia hiyo nzima imefika pale kwa wakati mmoja, imefungwa kwa kamba za katani. Dogo, sasa mnene kuliko wote, alimkimbilia mama yake. Hayawahusu akamwonyesha meno.

Mzee wa kona alikuwapo na dume lake. Akamwona mbwa wa mwalimu wa kwaya, akasogea, akainama.

"Huyu ni wetu. Angalia sikio."

Sikio la kushoto lilikuwa limesimama wima. La kulia lilikuwa limelala juu ya jicho. Baba akafungua daftari, akamsomea tarehe aliyosema yeye hayumo. Daktari, akivuta chanjo kwenye bomba, akasema kitakachoamua ni kipimo cha vinasaba, maana mbwa wengi wa kienyeji nao wana masikio ya kusimama, wa Mangi akiwemo. Mwalimu wa kwaya yeye hakuwa na neno: mtoto aende kwa baba yake, ila zitangulie sare.

Mzee akauliza ni ngapi. Alipotajiwa, akainama tena kulitazama lile sikio la kulia.